Wamalwa, Ulikuwa Wapi?

Wimbo uliowatoa jasho vijana wa Kitale mwanzoni mwa mwaka 2006 ulikuwa wimbo wa matanga. Tuelewane hapo mapema, kwa sababu wao hawakuelewa, na hata walioelewa waliendelea kucheza. Ulipigwa kwenye baa, ukapigwa kwa vinyozi, ukapigwa kwenye vibanda vya simu, na Jumamosi moja ukapigwa harusini, bibi harusi akiingia. Humo ndani kuna mtu amekufa, analiliwa kwa litungu la nyuzi saba, na juu yake ngoma ya kompyuta inagonga dudu-dudu-dudu kama mashine ya posho. Eti maendeleo.

Aliyekuwa akilia humo ni Wabwile, fundi viatu wa mtaa wa Matisi, mzaliwa wa Sirisia. Siku za kawaida alishona soli kando ya soko. Akiitwa matangani alifuta mikono, akachukua litungu lake, akaenda. Hakuwa mwanamuziki, na ukimwita hivyo alikasirika, maana wanamuziki aliowajua yeye walikuwa watu wa kulala mitaroni. Yeye alikuwa mtu wa matanga, na kazi hiyo ilikuwa na sheria yake.

Sheria yenyewe ndiyo hii. Siku ya mazishi, mpiga litungu ana ruhusa ya kumuuliza mtu yeyote swali lolote, kwa jina, mbele ya watu. Awe mchungaji, awe chifu, atakaa asikize. Halafu siku ya tatu watu wa boma wananyolewa, nywele zinafagiwa pamoja na maneno yote ya siku zile, na kuanzia hapo hakuna ruhusa ya kuyarudia. Hivyo ndivyo watu wanavyoambiana ukweli na bado wanasalimiana sokoni.

Agosti ya 2005 Wabwile alikwenda Bumula kumzika shemeji yake Wekoye, mume wa dadake Nelima. Wekoye aliugua sukari miezi minne. Watu walikuwa wakienda hospitali kwa zamu. Hata Edinah, mke wa Wabwile, na magoti yake mabovu, alitoka Kitale mara sita. Lakini kaka wa mgonjwa, Wamalwa, mkubwa katika ofisi moja ya serikali pale Bungoma mjini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kitanda kile, hakufika hata kwa bahati mbaya. Alikuja kuonekana mazishini, amevaa suti, akasoma hotuba ya kurasa tatu juu ya mapenzi ya ndugu.

Alipokaa, Wabwile akagusa nyuzi, akaimba kwa Kibukusu swali ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni: Wamalwa, ulikuwa wapi? Aliimba mara moja tu. Wamalwa akatazama viatu vyake. Siku ya tatu watu wakanyolewa, nywele zikafagiwa, na Wamalwa, ambaye ndiye aliyeandikwa kwenye hati ya shamba la baba yao, akamwambia mjane akae kwa amani kwenye ekari tatu za mumewe. Ikaisha.

Ingeisha, kama si nywele za Derrick.

Derrick ni mtoto wa Wabwile. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na nywele za miaka mitatu, zimesokotwa, zinamfika mabegani, na alizitunza kuliko alivyowahi kutunza kitabu chochote. Mazishini alikuwa na redio ndogo ya kaseti, ananasa kila kitu, akiulizwa anasema ni kumbukumbu. Siku ya tatu alipoona wembe unanolewa alikumbuka ghafla kwamba ana kazi Kitale. Akaondoka na nywele zake zote kichwani, na kaseti mfukoni.

Kazi hiyo ilikuwa studio ya Ngige. Ngige alizaliwa papo hapo Kitale, wazazi wake wakiwa wametoka Nyeri zamani, na studio yake ilikuwa nyuma ya duka la mbolea la mamake, Wangui. Ilikuwa na kompyuta moja, spika mbili, na kuta zilizobandikwa trei za mayai. Ukiimba humo ndani unatoka ukinuka mbolea, lakini wasanii walizoea.

"Rudisha hapo," Ngige alisema aliposikia kaseti. "Hapo hapo! Wee! Umesikia hiyo sauti ya buda wako ikipanda? Inaingia kwa biti ni kama ilizaliwa huko. Anasema nini?"

Derrick alikuna kichwa. Kibukusu chake kilikuwa cha kuombea chakula tu, lakini hilo swali alilielewa vizuri. "Anaita tu msee fulani," alisema.

"Basi na sisi tumuite."

Wakamwita. Walimwita Wamalwa mara sitini na nne kwa dakika nne. Maneno ya kaburini waliyakata, kilio cha Nelima wakakigeuza kikawa kama honi, na swali lile wakalizungusha na kulizungusha mpaka kompyuta ikapata moto, wakaizima wakaipepea kwa gazeti. Walipomaliza walikumbatiana. Ngige alisema wameokoa utamaduni.

Wabwile aliusikia mara ya kwanza akiwa na kiatu cha mtu mkononi. Ulitoka kwa kinyozi wa jirani. Alisikia litungu lake, akasikia koo lake mwenyewe, akasikia jina. Sindano ikamwingia kidoleni. Wasichana wawili walikuwa wanapita na mitungi, wakaanza kutikisa mabega.

"Hiyo ni sauti yako, fundi?" mwenye kiatu akauliza, amefurahi. "Ai! Kumbe wewe ni staa na unanishonea kandambili!"

Siku hiyo jioni Derrick aliulizwa maswali nyumbani. Alisema ni sanaa. Alisema dunia imebadilika. Alisema, "Si tunakutoa kwa giza, mzae, mpaka watu wa Eldoret wanakujua." Babake alimsikiza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kitu kimoja.

"Wewe ulinyolewa?"

"Ati nini?"

"Nauliza, siku ya tatu, ulinyolewa?"

Derrick alishika nywele zake kwa mikono miwili, kana kwamba wembe uko mezani. Wabwile aliinuka akaenda kulala na giza bado halijaingia, na Edinah akapakua ugali peke yake.

Sasa tumfikirie kidogo Wamalwa, maana hata yeye ana moyo, ingawa aliutumia kwa uangalifu. Anaingia benki, simu ya mtu inalia kwenye foleni, na mlio wake ni yeye. Anapita karibu na shule, watoto wanaruka kamba kwa jina lake. Akichelewa ofisini dakika tano, karani hasemi kitu ila anaanza kuvuma kwa pua. Kanisani, ambako alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliinuka kusoma taarifa ya mabati, na kijana mmoja huko nyuma akagonga benchi: dudu-dudu-dudu. Kanisa zima likapatwa na kikohozi.

Mtu mwingine angejiuliza kama swali lina jibu. Wamalwa alijiuliza nani alipe.

Nelima alifika Matisi siku ya soko, na watoto wake wawili, Edah na mdogo wake, godoro, sufuria, na kuku mmoja ambaye hakuwa na habari yoyote. Edinah alimkuta ameketi mlangoni juu ya godoro.

"Mama Edah! Kwema?"

"Kwema kiasi. Shemeji amekuja na watu wa kupima. Amesema nikaishi na wale wanaojua kuimba."

Wakaketi wote ndani ya chumba kile kimoja, pazia likitenganisha kitanda na kiti. Wabwile alikuwa ameshika kichwa. Derrick alikuwa amesimama karibu na mlango, mahali pa mtu anayejua anaweza kufukuzwa.

"Senje, pole," Derrick alisema. Senje ni shangazi kwa Kibukusu, na hilo alilijua. "Mimi sikujua itafika hivi."

"Hukujua," Nelima akamjibu. "Mimi nilijua. Nilikisikia kilio changu sokoni Bumula, mtu anauza nyanya nacho. Nikasema haya, bora Wekoye hasikii." Akamgeukia kaka yake. "Shamba lile siliachi. Mguu wa mume wangu uko pale."

Hakuna aliyemuuliza mguu gani, kwa sababu wote waliokuwa mle ndani walikuwa wakijua. Wiki tatu kabla ya kifo madaktari walimkata Wekoye mguu wa kushoto, chini ya goti. Nelima aliubeba kwa karatasi ya nailoni akauzika chini ya migomba, nyuma ya nyumba. Wekoye aliona aibu, akaomba lisitangazwe. Kila aliyekuja kumwona aliliona shuka lilivyolala, akaombwa anyamaze, naye akanyamaza. Siku ya mazishi walimvalisha suruali ndefu na viatu viwili. Kile cha kushoto Wabwile mwenyewe alikijaza magazeti, akakishona kwa pindo la suruali kisianguke. Watu wa zamu ya hospitali walijua. Mtu wa hotuba ya kurasa tatu hakujua.

"Nitaenda kumwomba msamaha," Wabwile alisema.

"Kwa kosa gani?" Edinah akafoka. "Kwa kumuuliza? Si uliuliza siku yake ya kuulizwa? Aliyekosa ni huyu hapa na manywele yake!"

"Mama, lakini..."

"Nyamaza! Nitazikata ukilala!"

Haikuwa lazima kwenda kuomba msamaha, kwa sababu msamaha ulikuja wenyewe kwa gari la serikali. Wamalwa alifika studio ya Ngige Jumatatu, saa za kazi, akapanguza kiti kwa leso kabla ya kukalia. Walikuwepo Wabwile na Nelima, walioitwa, na Derrick, ambaye alivaa kofia kubwa.

"Mimi sikuja kugombana," Wamalwa alianza. "Mimi ni mtu wa maendeleo. Huu muziki wa kuchanganya asili na kompyuta, mimi naunga mkono. Vijana wajiajiri. Tatizo ni ujumbe."

"Ujumbe," Ngige akarudia kwa heshima, maana alidhani mkubwa ataleta pesa za vijana.

"Agosti tutafanya ukumbusho wa ndugu yangu, mwaka mmoja. Nitagharamia. Wewe kijana utaleta hizo spika zako. Na kutakuwa na toleo jipya." Akatoa karatasi mfukoni, imepigwa chapa. "Mahali panaposema 'ulikuwa wapi', paseme 'ulikuwepo'. Wamalwa, ulikuwepo. Siku hiyo hiyo, mbele ya naibu chifu, nitatia sahihi kwamba hizo ekari tatu ni za Mama Edah na watoto wake. Mimi si mtu mbaya."

"Itatoshea, mkubwa," Ngige akasema, tayari anahesabu kwa vidole juu ya meza.

Wabwile alikuwa hajagusa litungu. "Mimi siwezi kuimba hivyo."

"Kwa nini? Ni neno moja tu."

"Kwa sababu nililia kwa sauti hiyo hiyo. Nikidanganya nayo, kesho nitamlilia nani anisadiki?"

Wamalwa akakunja karatasi yake polepole. Alikuwa na subira ya watu wenye hati mkononi. Aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akasema gari linamngoja.

"Kaka, imba," Nelima alisema.

"Nelima."

"Imba bana. Wekoye hatalala nje, mimi ndiye nitalala nje. Edah amekohoa wiki nzima pale kwa sakafu yako. Imba hiyo kitu tuende."

Wabwile aliimba. Aliimba macho yamefumbwa, mara tatu, na mara ya tatu sauti ikamkatika katikati ya jina. Ngige alifurahi sana, akasema hapo sasa pana hisia, wataacha vile vile. Wamalwa alitikisa kichwa kwa mdundo. Nelima alitazama trei za mayai ukutani mpaka ikaisha.

Ukumbusho ulifanywa Bumula, kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu, chini ya mahema ya kukodi. Ilikuwa siku ya adabu. Kulikuwa na ratiba iliyochapishwa, yenye picha ya Wamalwa kubwa na ya Wekoye ndogo. Wamalwa alikuwa amepanga kila kitu kwa akili ya ofisi: kwanza wimbo, pili sahihi, tatu shukrani za mjane, nne chakula. Chakula kiliwekwa mwisho ili watu wasiondoke.

Ngige alisimama nyuma ya mashine zake, waya zimetapakaa kwenye nyasi. Derrick alikuwa anashikilia kipaza sauti. Edinah alikalishwa mbele na magoti yake, karibu na mchungaji, mzee mpole ambaye naye alikwenda hospitali kila Jumanne mwaka uliopita. Wabwile alikaa nyuma kabisa, litungu likiwa mapajani, limefungwa kwa gunia.

Wimbo ukapigwa. Wamalwa, ulikuwepo. Watu walikaa kimya, maana walitaka kula. Lakini miguu haina adabu, na miezi sita ilikuwa imeifundisha vibaya. Jina lilipokuja mara ya nne, vijana waliokuwa nyuma ya hema waliitikia wenyewe, kwa sauti kubwa, yale maneno ya zamani: ulikuwa wapi! Spika inasema ulikuwepo, umati unasema ulikuwa wapi. Naibu chifu aliinuka akatafuta wa kumkamata, akawaona ni wengi, akaketi. Wamalwa aliendelea kutabasamu mpaka mashavu yakamtetemeka.

Ikaja sahihi. Hapo lazima tumsifu: alitia. Alikuwa amewaahidi watu wote hao, na picha zilikuwa zinapigwa. Naibu chifu akatia yake, akagonga muhuri, mchungaji akatia kama shahidi, na karatasi ikawekwa mkononi mwa Nelima. Kisha Derrick akamshikia senje yake kipaza sauti.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," Nelima alisema. "Nawashukuru wote. Namshukuru Mama Derrick, namshukuru pasta. Lakini zaidi namshukuru shemeji yangu. Shemeji, hebu simama watu wakuone."

Wamalwa alisimama, akanyoosha tai.

"Wimbo umesema alikuwepo. Mimi ni nani nibishane na wimbo? Njoo hapa shemeji, karibu na kipaza sauti, uwaambie mwenyewe. Si ulikuwa unakuja pale wodini?"

Wamalwa alisogea. Kwa miezi sita hakuna mtu aliyemwita mbele kwa wema, na alikuwa na kiu. "Nilikuwa nakuja," alisema.

"Na uji si ulikuwa unaleta?"

"Uji, ndio. Na matunda."

Kumbe na matunda. Edinah alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama ratiba.

"Mungu akubariki," Nelima akaendelea, sauti yake imetulia kabisa. "Mnajua ile wiki ya mwisho Wekoye alikuwa na maumivu. Kila aliyekuja alikuwa anamkanda kwa mafuta. Mama Derrick alimkanda. Pasta alimkanda. Shemeji, na wewe si ulimkanda?"

"Ningeachaje? Ndugu yangu! Nilimkanda."

"Ulimkanda mguu gani?"

Mtu mwangalifu angesema hakumbuki. Lakini sifa zilikuwa zimeshamwingia, na Wamalwa hakuwahi kuwa mtu wa kufanya jambo nusu akiwa anahadithia. Akaushika mkono wa Derrick, akakivuta kipaza sauti karibu.

"Yote miwili," alisema. "Yote miwili, mama. Niliikanda yote miwili mpaka akalala."

Uwanja ukanyamaza. Walionyamaza kwanza ni wale wa zamu ya hospitali. Wengine walinyamaza kwa kuwaona hao. Mchungaji alijifunika uso kwa ratiba. Edinah akasema, "Yesu wangu," akaanza kulia, na mama mmoja nyuma yake alicheka kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto, halafu naye akalia.

"Asante shemeji," Nelima alisema. "Ule wa kushoto uko pale chini ya migomba. Niliuzika mwenyewe wiki tatu kabla yake." Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani, akaenda kuketi na watoto wake.

Wamalwa alibaki amesimama. Alimtazama naibu chifu, naibu chifu akamnong'oneza sikioni kwamba muhuri umeshagongwa. Akaitazama migomba. Halafu hakujua aende wapi, kwa sababu ratiba ilisema sasa ni chakula, na yeye ndiye aliyetakiwa kuwakaribisha watu. Hatimaye akaenda kwenye gari, akakaa ndani, madirisha yamefungwa, jua lote lile. Watu wakala bila kukaribishwa. Nyama ilikuwa nzuri, hilo nalo tumshukuru.

Nyuma ya spika, taa ndogo nyekundu ya mashine ilikuwa bado inawaka. Ngige alikuwa ameketi juu ya sanduku la waya, hajagusa sahani yake. Alipomwona Wabwile anapita alimwita chini chini.

"Mzee. Nimemshika. Imeingia yote, safi, hata upepo hakuna. 'Yote miwili, yote miwili.' Unajua inaingia aje kwa biti?" Akasita. Mwaka ule ulikuwa umemfundisha kitu, si kingi, lakini kitu. "Ama niifute? Derrick aliniambia mambo ya nywele. Ati maneno ya matanga yanafagiwa. Mimi sitaki kukosea tena, mzee wangu. Wewe ndiye unajua."

Wabwile alisimama akafikiri. Aliangalia kichwa cha Derrick, nywele zikimwagika kutoka kwenye kofia. Aliangalia kichwa cha dadake, kilichokuwa kimeota nywele tena tangu mwaka jana. Akaangalia kule kwenye gari, ambako utosi wa Wamalwa ulikuwa unaonekana kupitia kioo, umepakwa mafuta, umechanwa njia vizuri upande wa kushoto.

"Leo umeona mtu ananyolewa hapa?" akauliza.

"Hapana."

"Kuna nywele zozote zimefagiwa?"

"Hakuna, mzee."

"Basi unaniuliza nini?" Wabwile alisema. Akaketi kwenye nyasi, akafungua gunia, akaanza kukaza nyuzi.